Bega lina mchaniko: kila likiuma ndiyo linazidi kuchanika?

FundiDari (Mwanza)

Wakuu habarini. Mimi ni fundi rangi, umri miaka 54, kazi hii nimeianza ujanani na sijui nyingine. Bega la kulia linaniuma tangu mwaka jana kabla ya masika. Sikuanguka, sikubeba kitu kizito. Lilianza taratibu tukiwa kwenye ghorofa moja yenye dari za jipsamu vyumba vyote: kupiga skimu, kupiga msasa, rangi mikono mitatu, kutwa mkono uko juu.

Sasa hivi nikiinua mkono kwa ubavuni, ukifika usawa wa bega unachoma, tena si juu ya bega penyewe, ni huku nje ya mkono pale wanapodunga chanjo. Usiku ndiyo kabisa. Siwezi kulalia upande huo, na nikijigeuza usingizini nashtuka. Shati mke wangu ananivalisha mkono wa kulia.

Nimepiga ultrasaundi. Karatasi inasema kuna mchaniko wa sehemu kwenye kano ya supraspinatasi, ile ya juu ya bega inayosaidia kuinua mkono. Aliyenisomea akasema bega limechakaa, kazi za dari niache, la sivyo kano itakatika yote. Nikapewa diklofenaki. Nikimeza napata nafuu, zikiisha maumivu yanarudi. Tangu siku ile hata kuanika nguo naogopa, mkono natembea nimeushikilia kifuani.

Maswali yangu mawili. Kila linapouma, ndiyo kano inaendelea kuchanika? Na kuna mtu kaniambia operesheni ya kutoboa vitundu na kukwangua mfupa, je, nijikusanye niende? Nina watoto wawili sekondari na dari ndiyo inayolipa.

MamaNaima (Tanga)

Pole sana kaka. Pima sukari kwanza. Mimi langu liliganda kabisa, hata nywele siwezi kuchana, kumbe nina kisukari na sijui. Likakaa zaidi ya mwaka ndipo likaanza kulegea lenyewe. Ila langu hata mtu akijaribu kuniinulia mkono haupandi.

Tiba_Viungo

Shikamoo fundi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa, na mabega ndiyo kazi yangu ya kila siku: wapiga plasta, walimu, wasusi, mafundi kama wewe. Swali la kwanza nakujibu wazi: hapana. Bega kuuma leo si ushahidi kwamba leo limechanika zaidi. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana hili neno la "limechakaa" wagonjwa wengi wanakuja nalo, na nimeona linavyomfanya mtu mzima mwenye nguvu zake aache kuutumia mkono.

Mchaniko kwenye kano za bega, ukishavuka miaka 50, ni kitu cha kawaida mno. Japani waliwapima kwa ultrasaundi wakazi 664 wa kijiji kimoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na kano iliyotoboka kabisa, siyo mchaniko wa sehemu kama wako. Na karibu theluthi mbili ya hao waliotoboka hawakuwa na maumivu. Wanalima, wanabeba, wanalala. Kwa hiyo karatasi yako inaweza kuwa inasema kweli kuhusu kano, lakini haisemi kwamba hiyo ndiyo inayokuuma, na haisemi mchaniko ulianza lini. Huenda ulikuwa nao miaka kadhaa ukipaka dari bila shida. Ukilipima na hilo la kushoto lisilouma, usishangae kukuta kitu kinachofanana.

Wamarekani nao waliwafuatilia wagonjwa 393 waliotoboka kano bila ajali, wakachapisha mwaka 2014. Walitaka kuona kama mwenye tundu kubwa ndiye anayeumia zaidi. Haikuwa hivyo. Ukubwa wa mchaniko na ukali wa maumivu havikwenda pamoja.

Sasa maumivu yanatoka wapi? Yapo, ni ya kweli, asitokee mtu wa kukwambia unajifanya. Kano iliyobebeshwa kazi kuliko ilivyozoea huchachamaa, na ghorofa nzima ya dari bila kupumzika ni mzigo mkubwa kwa bega lolote. Halafu maumivu yakishakaa miezi, mishipa ya fahamu na uti wa mgongo huzoea kutoa tahadhari kwa jambo dogo ambalo zamani usingelisikia. Kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Kukosa usingizi kunaongeza, hofu inaongeza. Na mkono ulioshikiliwa kifuani misuli yake inanywea, mwisho hata shati linakuwa mzigo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipopitia upya maana ya maumivu mwaka 2020, kiliandika kwamba maumivu yanaweza kufanana na yale ya mwili ulioharibika hata pale ambapo uharibifu haupo. Hicho ndicho ninachotaka ukishike.

Operesheni ya kukwangua mfupa: Uingereza waliifanyia jaribio kwa wagonjwa 313 ambao kano zao hazikuwa zimekatika kabisa. Kundi moja lilikwanguliwa mfupa, kundi la pili liliingizwa kamera tu na hakuna kilichokwanguliwa, kundi la tatu halikufanyiwa chochote. Baada ya miezi 6, waliokwanguliwa na walioingizwa kamera tu walikuwa sawa, na tofauti yao na wasiofanyiwa kitu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa asingeihisi katika maisha yake. Wafini walifanya jaribio la namna hiyo, nalo likaonyesha kukwangua hakuna faida zaidi ya kuingiza kamera tu. Usiuze kiwanja kwa ajili ya hiyo.

Kinachosaidia ni kulirudisha bega kazini kidogo kidogo, na inachukua wiki 12 au zaidi. Tafuta mpira wa tyubu ya baiskeli, funga kwenye nguzo au komeo la mlango usawa wa kiwiko. Bana kiwiko ubavuni, kikunje, kisha vuta mpira kwa kuupeleka mkono nje, rudisha polepole. Rudia mpaka misuli ichoke vizuri, pumzika, fanya tena, siku tatu kwa wiki. Ya pili: weka kiganja na kitambaa ukutani, pandisha mkono kama unafuta ukuta, ushuke. Maumivu yakifika tatu au nne kwa kumi siyo dhambi, mradi kesho yake asubuhi bega liwe limerudi hali yake ya kawaida. Likiamka limezidi, siku inayofuata punguza, usiache.

Usiku weka mto chini ya mkono unaouma, ulalie mgongo au ubavu mzima. Na hizo diklofenaki usimeze mfululizo kwa miezi bila daktari kujua. Zinachubua tumbo, zinapandisha presha, zinaumiza figo.

Nina swali: mkeo akikuinulia mkono ukiwa umelegeza, unafika juu? Na MamaNaima ana haki, pima sukari.

Kibarua_Mkuu

Dada, mimi napingana na wewe. Mjomba wangu alianguka kwenye ngazi, bega likauma, tukaambiwa mazoezi, mkono haukuinuka tena. Baadaye ikaonekana kano ilikatika yote. Sasa mtu akisoma hapa kwamba mchaniko si kitu, si atapotea?

Tiba_Viungo

Pole kwa mjomba, na umefanya vizuri kulileta. Sikusema mchaniko si kitu. Aliyeanguka, jana mkono ulikuwa unainuka na leo hauinuki, huyo aende kwa daktari wa upasuaji wa mifupa mapema, asisubiri mazoezi, maana kano iliyokatika kwa ajali ikicheleweshwa misuli yake inageuka mafuta na kushona kunakuwa kugumu. Hali ya fundi ilianza bila ajali. Vilevile mtu asifanye mazoezi yangu kama ana homa na bega limevimba lina joto, amepungua uzito bila sababu, ana uvimbe anaouona, au mkono umekufa ganzi na vidole havina nguvu. Na maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana au jasho jembamba ni ya dharura, hayo ni ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

FundiDari (Mwanza)

Marahaba mwanangu, nimekusoma mara kadhaa. Sukari nimepima, iko sawa. Mke wangu kaniinulia mkono, umepanda mpaka sikioni! Katikati ulichoma, ukipita hapo unapungua. Mimi mwenyewe nikiinua nafika, ila kwa kuuma. Sikuanguka popote. Sasa Jumatatu kuna kazi ya vyumba vitatu, kuta na dari, na mwenye nyumba hataki kusubiri. Niikatae?

Tiba_Viungo

Usiikatae. Mkono unaopanda mpaka sikioni haujaganda, na wewe mwenyewe kufika juu ni dalili nzuri. Anza na kuta, siku mbili za kwanza usiguse dari. Zikifika dari, pandisha jukwaa ili kiwiko kikae chini ya bega, na rola ifungie mti mrefu uishike kwa mikono miwili. Msasa wa dari mpe saidia fundi. Fanya dari kwa vipande, nusu saa halafu ushuke ufanye milango au madirisha, siyo chumba kizima kwa mkupuo. Siku ya kazi nzito usifanye mazoezi ya mpira.

Jioni bega litalalamika, hilo tulitegemee. Angalia asubuhi yake limeamkaje, ndiyo uamue kesho utapaka kiasi gani. Na shati vaa mwenyewe fundi, tanguliza mkono unaouma.