Mjadala: Mama asipofikisha miezi 6 ya kunyonyesha pekee, wa kuulizwa ni nani?

Wadau, kuna kauli inayorudiwa sana: mama akitaka kumnyonyesha mwanawe miezi 6 bila kumpa kitu kingine, ataweza tu, na anayeshindwa ni mvivu au anaogopa matiti kulala. Naipinga kwa nguvu zote.

Ushauri wa WHO unajulikana: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, kisha miezi 6 asipewe kingine, hata maji. Dawa alizoandikiwa haziharibu hesabu, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanahesabika. Lakini duniani ni takriban nusu tu ya watoto wa umri huo wanaolishwa hivyo. Nusu ya kina mama wa dunia nzima wawe wavivu?

Mimi naanza na kazi. Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi 6 ni wiki 26. Hata mwajiri akiufuata mkataba huo, bado zinabaki wiki 12, na mama aliyeanza likizo kabla ya kujifungua anadaiwa zaidi. Mkataba unampa pia mapumziko ya kunyonyesha, lakini atakamulia wapi, chooni? Atayahifadhi wapi? Na anayeishi kwa kibarua hana hata hiyo likizo. Siku asiyofanya kazi hana kipato.

Najua mtauliza: mbona hata walio nyumbani huanza chupa mapema? Swali la haki, na hapo kazi si jibu. Wengi huangushwa na maneno mawili, "maziwa hayatoshi". Mtoto analia jioni, anataka kunyonya kila mara, na waliomzunguka mama wanakata shauri kwamba ana njaa. Lakini titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa au kukamuliwa. Mtoto akishibishwa kwa chupa, ananyonya kidogo, titi nalo linapunguza, na baada ya muda maziwa yanakuwa hayatoshi kweli. Mama huyo hakuamua kuacha. Alisikiliza watu wanaompenda.

Ongezeni chuchu zilizopasuka. Mara nyingi chanzo ni mtoto kushika chuchu tu badala ya kuingiza sehemu kubwa ya titi mdomoni, jambo ambalo mkunga mwenye nafasi ya kukaa na mama anaweza kulirekebisha. Aliyejifungua kwa upasuaji anahitaji msaada huo zaidi, tena mapema, maana maumivu na kutenganishwa na mtoto humchelewesha kuanza.

Halafu kuna matangazo ya maziwa ya kopo. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza kuyatangaza kwa umma na kuwapa kina mama sampuli za bure, ila haina meno mpaka nchi iitungie sheria, na siku hizi matangazo yanamfuata mama hadi kwenye simu yake.

Wapo wasioweza kunyonyesha kwa sababu za kiafya, na wapo walioamua vingine, hao wasisimangwe. Ninaowatetea hapa ni wale waliotaka wakazuiwa.

Basi anayesema ni suala la nia tu anijibu: zile wiki 12 nani azibebe? Mwajiri, serikali, baba wa mtoto? Karibuni.