Dawa ya damu kuganda imefaulu kwa panya, mbona wanamkata na mkia?

mdadisi_sana: Habari wakuu. Nasoma ripoti ya dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, wameijaribu kwa panya na mshipa wa shingo haukuziba, safi. Ukurasa unaofuata wanawakata panya wengine ncha ya mkia, wamekaa na saa. Ya nini tena? Mwishoni wanahamia kwa sungura, hapo ndo wameniacha kabisa.

kipimo_tu: Mkuu mkia ndo nusu ya kazi. Kuzuia damu isigande tu hata sumu ya panya inaweza, warfarin yenyewe iliingia sokoni 1948 kama sumu ya panya, binadamu wakaja kuruhusiwa 1954. Kazi ni kuzuia bila mtu kuvuja damu hovyo. Kwa hiyo kundi moja linapigwa nusukaputi, kikaratasi kilicholowa feri kloraidi (kemikali inayounguza mshipa) kinawekwa juu ya ateri ya shingo dakika chache, ukuta wa mshipa unaumia, bonge linajijenga, na kipimo cha Dopla (kinachopima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti) kinafuatilia damu mpaka isimame. Kundi la pili ni mkia, unakatwa milimita chache unachovywa kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37, unaona kauzi kekundu kanashuka majini, kakikatika unasoma saa. Kakianza tena baada ya sekunde kadhaa ndo ugomvi wa maabara unapoanzia hapo, tuhesabu au tusihesabu 😅

Bi_Chembe: Sungura sio mapambo jamani. Rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, inabana faktari Xa (protini inayosaidia damu kuganda) ya binadamu na ya sungura karibu sawasawa, ila ya panya inabanwa kwa shida, ukimtegemea panya peke yake utadhani dozi inayotakiwa ni kubwa mno. Vorapaxar, dawa nyingine ya aina hiyo, ndo kabisa, inaziba kipokezi cha PAR1, yaani sehemu ya chembe sahani (chembe za damu zinazoshikana kutengeneza bonge) inayopokea ishara ya kushikana, na chembe sahani za panya hazina hicho kipokezi, ikabidi watumie tumbili.

kipimo_tu: @Bi_Chembe umemaliza. Mdadisi angalia pia walitumia mshipa gani, bonge la ateri na lile la vena ya mguu ni vitu viwili tofauti, la vena huwa wanafunga vena kubwa ya tumboni halafu wanatoa bonge wanalipima uzito. Na dawa ilitolewa kabla au baada ya bonge?

mdadisi_sana: Nimerudi kucheki, ni ateri tupu, na dawa walipewa kabla, kwa hiyo imeonyesha kuzuia bonge tu. Na mimi nilishamwambia rafiki yangu inayeyusha bonge, ngoja nimpigie.