Likizo ya familia kwa ndege ndogo kutoka Kajjansi hadi Kidepo: watu sita, naomba ushauri

BabaWaEntebbe aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina leseni ya rubani binafsi niliyoipata Kajjansi, uwanja mdogo wa ndege kati ya Kampala na Entebbe, miaka mitatu iliyopita, na hadi leo nimetimiza saa 168 angani, karibu zote katika Cessna 172. Mwaka huu mwalimu wangu amekuwa akinizoesha Cessna 206 ya viti sita, na nimebakiza safari mbili tu kabla hajaniruhusu kuikodi bila yeye. Nia yangu ni kuipeleka familia Kidepo, hifadhi ya wanyama iliyo Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, mwezi wa Desemba, kwa sababu safari ya barabara kutoka Kampala humeza siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na likizo yetu ni ya siku nne tu.

Tutakuwa sita: mimi (kilo 84), mke wangu (kilo 68), watoto watatu wa miaka 13, 9 na 4 (kilo 46, 28 na 17), na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71, ambaye sithubutu kumwuliza uzito wake lakini nakadiria kilo 75. Mizigo nimeikadiria kilo 110 pamoja na hema, jiko dogo, sanduku la barafu na kreti ya soda. Nakusudia kujaza matangi hadi juu kabla ya kuondoka, kwa kuwa viwanja vya hifadhini havina pampu. Baada ya kulala Kidepo usiku mbili tungeruka moja kwa moja hadi Kisoro, kusini-magharibi mwa nchi, ili familia ione sokwe wa milimani, kisha siku ya nne turudi nyumbani.

Swali langu la pili ni hili. Bwana mmoja mwenye ndege yake amesikia mipango yangu, naye amejitolea kutubeba yeye mwenyewe kwa bei nafuu, mradi tumlipe fedha taslimu. Je, hilo si jambo rahisi zaidi?

RubaniMstaafu alijibu:

Ndugu yangu, nimeiendesha Cessna 206 kwenda Karamoja kwa miaka mingi, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuruka. Niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ni fupi. Mtu anayepokea malipo kwa kubeba abiria anatakiwa awe na leseni ya rubani wa biashara, na shughuli yenyewe iwe chini ya cheti cha uendeshaji kilichotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Asiye na hivyo viwili hakusaidii. Siku ndege itakapopata ajali, kampuni ya bima itauliza fedha zile taslimu zilikuwa za nini, na hapo mjane ndiye atakayejibu. Ukitaka kubebwa, nenda kwa kampuni yenye cheti, ulipe bei yake, na udai risiti.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambako ndiko safari yako ilikokwama kabla haijaanza. Ndege za aina hii hutofautiana, kwa hiyo ni lazima usome karatasi ya uzito ya ndege ile ile utakayoikodi, si ya dada yake. Hebu tuseme karatasi inaruhusu kilo 590 za watu, mizigo na mafuta kwa pamoja. Petroli ya ndege ina uzito wa takribani kilo 0.72 kwa lita, na matangi ya 206 yakijaa hukupa lita kama 330 za kutumia, yaani kilo 238. Watu wako ni kilo 318. Ukijumlisha, umebakiwa na kilo 34 za mizigo, ilhali wewe umepanga 110. Umezidisha kilo 76, sawa na kumpakia mtu mzima wa saba.

Wengi wakifika hapa husema kwamba mwalimu wao aliwahi kubeba zaidi na ndege ikapaa. Inawezekana ilipaa, lakini Uganda hatuko pwani. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, na Kajjansi haitofautiani nao sana. Kwa kimo hicho vitabu vinachukulia kwamba joto ni kama nyuzi 7 au 8, ilhali mchana wetu hufika 28. Kila nyuzi moja inayozidi kipimo hicho huifanya ndege ijione iko futi 120 juu zaidi, na kwa hiyo saa nane mchana ndege yako, ikiwa bado imesimama ardhini, itakuwa inapumua hewa ya futi zaidi ya 6,000. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, mabawa nayo hupata hewa nyepesi ya kushika, na njia ya kurukia ambayo jana ilikutosha ukiwa na mwalimu pekee haitakutosha ukiwa na ukoo mzima.

Kuhusu Kisoro, nakuomba uifute kabisa katika ratiba. Kwanza, sheria ya hifadhi hairuhusu mtu mwenye umri chini ya miaka 15 kwenda kuwaona sokwe, kwa hiyo watoto wako wote watatu wangebaki hotelini wakiuliza walichofuata huko. Pili, kutoka Kidepo hadi Kisoro ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka, yaani saa tatu. Kufika Kidepo kutakuwa kumekula lita 120 katika zile 330, saa tatu zaidi zitakula 180, na utakuwa unaikaribia milima ya Kigezi, huenda alasiri yenye mawingu, ukiwa na mafuta ya nusu saa. Tatu, uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 6,000 juu; siku ya nyuzi 22 ndege itauona kama uko karibu futi 8,500. Rubani mwenye saa 168 hana shughuli huko pamoja na watoto.

Kidepo peke yake inawezekana. Ni kilomita kama 430, saa mbili hivi, na njia yake ni nzuri: unalivuka Ziwa Kyoga, mji wa Lira unabaki kushoto, vilima vya Labwor kule Abim vinakuja kulia, na wakati wote unakuwa na Soroti au Lira kama mahali pa kukimbilia. Kwenda na kurudi ni lita 240, ongeza lita 45 za akiba ya dakika 45, jumla 285, yaani kilo 205. Hapo umebaki na kilo 67 za mizigo. Mimi ningebeba 40.

MtembeziWaKaramoja alijibu:

Mzee amemaliza habari za angani, nami naongeza za ardhini, kwa sababu kazi yangu ni kuendesha wageni Kidepo. Watu hupanga ndege kwa miezi, kisha wanatua Apoka, uwanja mdogo wa ndege ndani ya Kidepo, na kugundua kwamba wamesimama katikati ya pori bila gari. Hakuna bodaboda inayosubiri pale, na hairuhusiwi kutembea kwa miguu kwenda kutazama simba. Ama upange gari na nyumba ya wageni utakayofikia, ama mtu wako alete gari kwa barabara kupitia Karuma, Gulu na Kitgum, aanze safari siku moja kabla yenu. Hilo la pili lingekutatulia na shida ya kilo, maana hema, jiko na soda vitasafiri kwa magurudumu.

Pia usitue kama mtu anayeingia Entebbe. Wasiliana mapema na ofisi ya hifadhi chini ya Mamlaka ya Wanyamapori, uwaeleze siku na saa, ulipie ada za kutua na za kuingia, na uombe askari wafike uwanjani kabla yako. Nyati wa Kidepo hutembea kwa makundi makubwa na hawajui kwamba ile ni njia ya ndege. Marubani wazoefu hupita kwanza chini juu ya uwanja, wakatazama, kisha wakazunguka na kutua. Unapozunguka kumbuka kwamba mpaka wa Sudan Kusini uko karibu, kwa hiyo usijiachie kuelekea kaskazini kwa kutafuta picha nzuri.

Desemba kwetu ni kiangazi, na mvua si tatizo kubwa. Tatizo ni moshi. Nyasi huchomwa kaskazini kote, na ziko siku ambazo mlima Morungole, wenye mita zipatazo 2,750, hauonekani mpaka uwe umeufikia. Nimesimama pale uwanjani na wageni tukiisikia ndege bila kuiona.

MamaWatatu_Mbale alijibu:

Nawasalimu wote. Mimi si rubani, ila mume wangu ni rubani, na nimeketi kiti cha mbele upande wa kulia kwake kwa miaka tisa, kwa hiyo nitasema ambayo wanaume hawa wameyaruka.

Ndege hiyo haina choo. Mtoto wa miaka minne na bibi wa miaka 71 wapelekwe msalani mara ya mwisho kabisa, si nyumbani bali pale pale uwanjani, na chai ya asubuhi ipunguzwe. Ukiondoka saa moja na nusu asubuhi hewa huwa tulivu. Kuanzia saa tano jua linapoipasha ardhi joto, ndege hurushwarushwa, watoto hutapika, na kaloli, wale korongo wakubwa, nao huwa wamekwisha kupanda juu ya joto hilo wakizunguka kwa mamia. Ila asubuhi ya upande wetu ina kasoro yake, maana radi za Ziwa Victoria hupenda usiku na alfajiri. Ukikuta wingu jeusi limekaa juu ya ziwa, subiri mpaka lipite, hata kama kila mtu amekwisha kufunga mkanda.

Mtoto mwenye mafua asiruke, kwa sababu chumba cha ndege hiyo hakijazwi hewa kama cha ndege kubwa, na masikio yaliyoziba huuma sana wakati wa kushuka. Watoto wasio na mafua wapewe peremende, nawe shuka polepole.

Jambo kubwa zaidi ni siku ya ziada. Mwaka mmoja tulikwama Pakuba, uwanja wa hifadhi ya Murchison, kwa siku mbili kwa sababu ya mawingu, huku shule ikifunguliwa Jumatatu, na nilimwona mume wangu akienda kutazama anga kila dakika kumi kama mtu anayesubiri deni. Siku ya pili alisema, "Naona kama kumefunguka." Hakukuwa kumefunguka. Nilikataa kupanda, tukagombana mbele ya watoto, na baada ya saa moja mvua ilinyesha hata tusiuone mwisho wa uwanja. Tangu hapo tuna sharti nyumbani: mmoja akisema hapana, hatuendi, na hakuna anayeulizwa sababu. Mweleze mke wako sharti hilo kabla ya Desemba, na mwajiri wako mwombe siku tano ingawa unahitaji nne.

Na sasa, kaka yangu, la mama mkwe. Nimeolewa Buganda na ninajua vema kwamba mwanamume hakai bega kwa bega na mama wa mkewe, sembuse ndani ya chumba chembamba kuliko teksi. Je, umefikiria ataketi wapi? Na nani atampima? Maana kukadiria si kupima.

BabaWaEntebbe aliandika tena:

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba hesabu ya Kisoro imenitoa jasho, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwaahidi watoto. Nimeifuta. Shemeji yangu amekubali kutangulia na gari kupitia Kitgum, naye atabeba hema, jiko na sanduku la barafu. Yule bwana wa fedha taslimu nimemjibu kwa adabu kwamba hapana. Nimeomba siku tano kazini. Mwalimu wangu amekubali twende naye Kidepo kwanza, sisi wawili tu, ili niione njia na kutua pale mara kadhaa kabla sijampeleka mtu.

Kuhusu kiti cha mama mkwe, naomba Mzee anisaidie.

RubaniMstaafu alijibu:

Mlango wa mbele wa 206 ni mmoja tu, upande wa kushoto kwa rubani. Abiria wengine huingia kwa milango miwili ya mizigo iliyo kulia, nyuma. Kwa hiyo mke wako apande kwanza kwa mlango wako na kukaa mbele kulia. Mama mkwe akae safu ya kati upande wa kulia, karibu na milango ile, ambako atapanda kwa kingazi kidogo bila kukupita wewe. Mtoto mkubwa akae nyuma yako, awe pazia kati yenu. Wadogo wawili wakae safu ya mwisho, ambayo ni finyu na haitaki uzito mwingi. Ndege ikilemea nyuma huwa ngumu kuitawala, kwa hiyo hesabu ya kitovu cha uzito uifanye upya kwa viti hivyo.

Kisha uwafundishe wote jambo ambalo wengi hawaambiwi. Flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa) zikiwa zimeshushwa, mlango wa mizigo wa mbele hauwezi kufunguka vizuri, na kuna namna maalumu ya kuufungua ule wa nyuma kutoka ndani. Binti yako wa miaka 13 afanye zoezi hilo kwa mikono yake, ndege ikiwa imeegeshwa, mpaka aweze kulifanya akiwa amefumba macho. Kama kuna mwenye jukumu la kumtoa bibi humo, ni yeye.

Uzito mwachie mke wako. Ampimie mama yake nyumbani, mlango umefungwa, akiwa amevaa gomesi atakayosafiri nayo na mkoba wake begani.

BabaWaEntebbe aliandika:

Amepimwa jana jioni. Mke wangu ametoka chumbani na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne: kilo 88. Kwa lita zile 285 nimebakiwa na kilo 54 za mizigo, si 67. Kreti ya soda nayo itakwenda na shemeji.