Kwa nini manowari Königsberg ilitumika kwa miaka minane tu?

Mwalimu_wa_Pwani:
Salamu kwenu ndugu wanajukwaa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana kwa swali ambalo vitabu vya kiada havilijibu. Vitabu hivyo huanza kuizungumzia Königsberg siku ilipojificha katika delta ya Rufiji na kuishia siku ilipozama, tarehe 11 Julai 1915, kana kwamba haikuwa na historia kabla ya hapo. Ilianza kulitumikia jeshi la majini la Ujerumani tarehe 6 Aprili 1907, kwa hiyo ilizama ikiwa na miaka minane na ushei. Je, manowari ya aina hiyo ilikusudiwa kutumika kwa muda gani? Na ikiwa haikuwa imechakaa, ni nini hasa kilichoikatiza? Naomba pia kuelezwa kama ni kweli kwamba ililipuliwa na mabaharia wake wenyewe.

Fundi_Boila:
Mwalimu, swali la kwanza lina jibu la kisheria. Sheria ya jeshi la majini ya Ujerumani ya mwaka 1898 iliziwekea meli za kivita umri, na kwa kruza ndogo (meli nyepesi za kivita zenye mwendo wa kasi), ambalo ndilo kundi la Königsberg, umri huo ulikuwa miaka 15. Dada zake wawili, yaani meli za muundo uleule, walionusurika Vita vya Kwanza vya Dunia, Stuttgart na Stettin, walivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, yaani karibu na kikomo hicho. Wa tatu, Nürnberg, alizamishwa karibu na visiwa vya Falkland mnamo Desemba 1914. Kwa hiyo Königsberg ilipofika Dar es Salaam mwezi Juni 1914 ilikuwa ingali katikati ya maisha yake. Hadi wakati huo ilikuwa imefanya kazi zaidi katika bahari za nyumbani, na mara kadhaa iliisindikiza Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaisari, kazi ambayo haichakazi chombo. Watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu.

Kwa maoni yangu, kilichoikatiza kilikuwa makaa ya mawe. Boila zake 11 zilikula makaa kwa pupa kila ilipokimbia kwa kasi yake ya maili 24 za bahari kwa saa, na Ujerumani haikuwa na bandari nyingine ya kuaminika katika Bahari ya Hindi. Ilitoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, ikawachenga Waingereza waliokuja kuilinda isiponyoke, kisha mwezi Agosti ikaikamata meli ya mizigo City of Winchester karibu na Oman. Makaa iliyoyapata humo yalitoka India na yalikuwa duni, yenye kuzichafua boila kuliko kuzipa nguvu. Wakati huohuo Waingereza walinunua akiba za makaa katika bandari za Wareno ili isipate pa kujazia. Ikabaki kutegemea meli moja ya msaada, Somali. Tarehe 3 Septemba iliingia Rufiji kwa sababu haikuwa na pengine pa kwenda.

Ilitoka tena mara moja tu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliikuta Pegasus, manowari ya Waingereza, imetia nanga Zanzibar ikifanyiwa matengenezo, ikaipiga kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haikuweza kuifikia. Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897, nayo, tofauti na Königsberg, ilikuwa kweli inakaribia uzeeni. Lakini ushindi huo haukuifaa sana Königsberg, kwa kuwa muda mfupi baadaye injini yake moja iliharibika, na vipuri vikalazimika kusafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Meli isiyo na makaa, yenye injini mbovu, ndani ya mto, ni ngome tu.

Mkazi_wa_Mafia:
Nakubaliana na ndugu Fundi kwa sehemu, ila naona ameupunja mzingiro wa Waingereza baharini. Mwezi Aprili 1915 Wajerumani walituma meli iitwayo Rubens ikiwa na makaa na risasi, nayo ilifika hadi karibu na Tanga kabla ya kushambuliwa na manowari ya Waingereza, Hyacinth. Risasi nyingi ziliokolewa, lakini makaa hayakumfikia aliyeyahitaji. Makaa yalikuwepo, Mwalimu. Njia ndiyo iliyofungwa.

Königsberg ilihitaji maji yenye kina cha zaidi ya mita tano, hivyo ilipita katika mikono ya delta wakati wa maji kujaa tu. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, na mikoko iliificha isionekane kutoka baharini. Manowari ya Waingereza, Chatham, iliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, na siku chache baadaye Waingereza wakaizamisha kwa makusudi meli kuukuu, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto. Hatimaye walizikokota kutoka Malta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili. Ndege zilizoruka kutoka hapa kwetu Mafia ndizo zilizowaelekeza wapiga mizinga. Shambulio la tarehe 6 Julai lilishindwa. La tarehe 11 lilifaulu. Meli ilipokuwa inawaka na risasi zimekaribia kwisha, Kapteni Max Looff, naye akiwa amejeruhiwa, aliamuru ilipuliwe kwa vichwa vya topedo. Kwa hiyo walichosikia wanafunzi wako ni kweli, ingawa walioilipua hawakuwa na chaguo.

Mwalimu_wa_Pwani:
Nawashukuru sana. Basi niwaandikie kwamba utumishi wake ulikoma tarehe hiyo ya 11 Julai?

Mlinzi_wa_Makumbusho:
Kwa meli, ndiyo. Kwa silaha zake, hapana. Wajerumani waliitoa majini mizinga yote kumi mikubwa, ya sentimita 10.5, wakaitengeneza Dar es Salaam na kuiwekea magurudumu, na mabaharia wakawa askari wa nchi kavu chini ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Mmoja ulipelekwa Ziwa Tanganyika na kufungwa kwenye Goetzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Looff mwenyewe aliangukia mikononi mwa Waingereza Novemba 1917. Mwaka 1924 aliyekuwa nahodha wa Pegasus, John Ingle, alinunua haki ya kuopoa mabaki ya Königsberg kwa pauni 200, na watu waliendelea kuchuma shaba na vyuma humo hadi miaka ya 1960, mabaki yalipozama kabisa katika tope.

Ukiweza kuwaleta wanafunzi Mombasa, mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus, pamoja na mmoja wa Pegasus. Waulize ni upi ulipiga mbali zaidi kabla hujawaambia.