Maktaba yetu kufungwa saa tisa alasiri: tunakubali tu?

Binti Sahare
Wadau, habari za jioni. Jina la maktaba silitaji, wa mji wetu mnaijua, ile yenye mwembe mbele. Jumatatu nimekuta karatasi mlangoni: kuanzia mwezi ujao mwisho saa tisa alasiri badala ya saa kumi na mbili jioni, na Jumamosi basi kabisa. Sababu waliyoandika ni upungufu wa watumishi na gharama za umeme. Hesabu yake ni ndogo. Shule za hapa zinatoka saa nane na nusu. Mtoto akitembea kwa miguu mpaka pale anakuta wanafunga madirisha. Hayo masaa matatu yaliyokatwa ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Nashauri tuandike barua, tukusanye saini, tupeleke. Swali langu: tunaanzia kwa nani?

Karani Mstaafu
Binti, hoja yako nzuri, ila sema "saa tatu zilizokatwa". Saa haina wingi wa masaa. Barua ikifika mezani kwa mkubwa na hayo masaa yako, atacheka kwanza, kusoma baadaye.

Binti Sahare
Nikiandika "wamekata saa tatu" atadhani wamefuta asubuhi. Shikamoo mzee, lakini tusipotee njia.

Jembe la Mkono
Nitasema ukweli hata mkinitukana. Mle ndani nimeingia mara tatu mwaka huu. Vijana wa uswahilini wanafuata feni tu. Wamelalia madaftari, simu zinachaji ukutani, udenda unatoka. Kitabu pekee kinachofunguliwa mle ni cha mahudhurio. Kodi yangu ilipie usingizi wa watu?

Mama Pacha
Uswahilini unapopasema hivyo ndiko ulikozaliwa, tusifichane. Nina mapacha kidato cha tatu. Tunaishi chumba na sebule, bati juu bila dari, na joto la Februari mji huu unalijua. Feni ninayo moja, wanaipata wadogo zao ili walale. Hawa wakubwa ndiyo, wanafuata feni. Wanafuata na meza. Wanafuata na sehemu ambayo jirani hafungulii singeli saa kumi jioni. Kosa lao lipi hapo?

Jembe la Mkono
Singeli imeingiaje? Mimi nimesema feni.

Dogo wa PCB
Huyo aliyelalia daftari huenda ni mimi. Nilikuwa na kemia tangu asubuhi, nikasinzia robo saa, nikaamka nikaendelea. Kidato cha sita nimetoka na daraja la kwanza. Wewe kaka mara zako tatu ulifuata nini?

Jembe la Mkono
Gazeti.

Kibarua wa Gati
Gazeti la bure, chini ya feni. Haya.

Mchambuzi Huru
Mnalia na jengo wakati dunia imehama. Notisi ziko kwenye simu, mitihani ya miaka iliyopita iko kwenye simu, kamusi iko kwenye simu. Maktaba ni mambo ya enzi za Mwalimu. Ile Maktaba Kuu ya Dar aliifungua mwenyewe siku ya uhuru 1961, wakati huo redio yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Karani Mstaafu
Siyo 1961. Sheria iliyoanzisha huduma za maktaba ni ya 1963, na Maktaba Kuu pale Dar es Salaam Mwalimu aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Tarehe umepatia, mwaka umeruka sita. Hivyo vitu vinaandikwa vitabuni, na vitabu viko maktaba.

Mchambuzi Huru
Sawa mzee wa tarehe. Umejibu mwaka, simu hujaijibu.

Mama Pacha
Simu namjibu mimi. Kwangu simu ya kupangusa ni moja, na ndiyo napokelea oda za maandazi. Niwape mapacha wasome, wateja wanipigie wapi? Halafu bando la wiki likikutana na watoto halifiki Jumatano. Ninyi mnaosema "dunia imehama", mlihamia na chaja zenu, sisi mkatuacha stendi.

Kibarua wa Gati
Mimi kilichonichefua ni hilo neno "gharama za umeme". Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Tuliambiwa umeme utamwagika. Leo tunaambiwa feni nne za maktaba zinaelemea taifa?

Jembe la Mkono
Umeme kuwepo na umeme kulipwa ni vitu viwili. Luku haijui bwawa. Utajuaje wewe, unakaa kwa shemeji yako, hujawahi kuingiza tokeni tangu uzaliwe.

Kibarua wa Gati
Shemeji yangu umemjulia wapi? Toa hapa hilo neno. Nabeba mizigo tangu alfajiri, jioni nanunua unga na Luku vyote. Kama una shida na mimi njoo kijiweni, usijifiche kwenye jembe.

Jembe la Mkono
Ukweli unauma.

Binti Sahare
Jamani. Barua.

Ughaibuni Baridi
Niko London, naomba niongeze kidogo. Hilo la "upungufu wa watumishi" angalieni linakoishia. Halmashauri ya Barnet hapa, mwaka 2017 kama sikosei, ilikata sana saa za maktaba kuwa na wahudumu. Haikusema inafunga. Ilisema "huduma binafsi": unagusa kadi mlangoni, unabonyeza namba ya siri, unaingia, ndani hakuna mtu, kamera zinakutazama. Sasa watoto wadogo hawaruhusiwi kuingia bila mtu mzima. Kwa hiyo kwenye karatasi saa za kufunguliwa zilionekana nyingi, na mtoto yuko nje. New York nako, Novemba 2023, meya Eric Adams alipokata bajeti, maktaba zilizokuwa zikifunguliwa Jumapili zikaacha. Watu walipiga kelele majira yote ya baridi, na katikati ya 2024 fedha zikarudi, kama dola milioni 58 hivi. Kelele zinasaidia, ila zinatakiwa ziwe ndefu.

Jembe la Mkono
Dola milioni 58! Tuma moja tununue feni.

Mchambuzi Huru
Wa ughaibuni mada zote kwao zinaanza na "huku kwetu". Kwenu ni huku, ndugu.

Ughaibuni Baridi
Mama yangu anaishi mitaa miwili kutoka hiyo maktaba. Mimi nimefundishwa kusoma gazeti mle ndani na mkutubi ambaye alikuwa akinigonga kichwani na penseli nikitembeza mdomo. Usinifukuze kwetu.

Mkaazi wa Eastlands
Habari zenu, jirani hapa kutoka Nairobi. Nasoma nikicheka, lakini swali la dada mbona mmelipita wote? Huku Katiba ya 2010 iliweka maktaba kwenye orodha ya kazi za kaunti, kwa hivyo mtu anajua mlango wa kubisha, hata kama hafunguliwi. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa 1931 na sisi Waafrika hatukuwa watu wa kuingia. Lakini Kaloleni na Makadara ni maktaba za mtaani, ziko katikati ya watu, na zimekarabatiwa miaka hii hii baada ya kukaa vibaya muda mrefu. Ya kwenu ni ya nani? Diwani ama wizara?

Jembe la Mkono
Mkenya naye ameingia kutufundisha. Hata mtori wetu mtasema ni wenu.

Mkaazi wa Eastlands
Mimi nimeuliza swali, boss. Mtori sijautaja.

Kibarua wa Gati
Mtori ni wa Wachaga, tusidandie.

Binti Sahare
Asante sana jirani, wewe ndiye wa kwanza kuuliza nilichouliza. Nimezunguka siku mbili. Ofisi ya kwanza imeniambia maktaba si mambo yao, niende ya pili. Ya pili imeniambia wao ni watekelezaji, nirudi ya kwanza niandikiwe utangulizi. Utangulizi wa nini, sikuambiwa. Mlinzi wa maktaba ndiye aliyenisaidia kuliko wote: amesema wahudumu wawili wamestaafu tangu mwaka jana na hajaja mtu badala yao. Aliyebaki anafungua peke yake, anaazimisha peke yake, na mchana akienda kuswali anafunga mlango. Kwa hiyo siyo feni wala umeme. Ni mtu.

Mchambuzi Huru
Kwa hiyo umeme waliusingizia?

Kibarua wa Gati
Si nilisema! Megawati 2,115!

Karani Mstaafu
Nilifanya kazi serikalini miaka thelathini na moja. Nafasi ya mstaafu isipoombwa kwenye bajeti, inakufa kimya. Barua isiombe huruma. Iombe nafasi mbili zijazwe, itaje tarehe waliyostaafu, nakala iende kila ofisi iliyokuzungusha. Kila mmoja akijua mwenzake anayo, hakuna wa kuilalia. Rasimu niletee niisahihishe.

Dogo wa PCB
Mimi nipo bure mpaka chuo kifunguliwe. Naweza kukaa kaunta saa tisa mpaka kumi na mbili, bila malipo.

Mama Pacha
Usiseme hivyo kwenye barua, mwanangu. Wakisikia kuna wa bure, hizo nafasi mbili hatutaziona tena. Karatasi ya saini iko kwenye meza yangu ya maandazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kalamu nimeifunga kwa kamba.

Jembe la Mkono
Nimewasikia. Povu lote hili kisa feni. Nina ya kusimama nyumbani, imekaa tu stoo, shingo imelegea kidogo. Jumatatu naipeleka pale, yaishe.

Binti Sahare
Kaka, feni zipo nne na zote zinazunguka. Tunachodai ni masaa.

Karani Mstaafu
Saa.

Mama Pacha
Mzee wangu, shikamoo. Karatasi ina majina kumi na saba, lako silioni.