Uliyekwenda kuhiji Yerusalemu au Sinai, palikushinda wapi? Tupeane uzoefu

Binti wa Kwanza: Shalom wapendwa. Jana kanisani wametangaza safari ya mwakani ya Nchi Takatifu. Mama, tuliyekaa naye benchi moja, akaninong'oneza: "Waambie wasiingie lile handaki." Yote yakanirudia.

Waliofika Mji wa Daudi, pale Yerusalemu, wanalijua handaki la mfalme Hezekia. Mita 533 ndani ya mwamba, na maji ya chemchemi ya Gihoni yanatiririka miguuni mwako mpaka bwawa la Siloamu. Kiongozi wetu alisema ipo njia nyingine, kavu. Mama, wakati huo ana miaka 67, akakataa: "Sikupanda ndege nije kupita pakavu." Akapandisha khanga, akakaza fundo kiunoni, tukaingia.

Mwanzoni maji yalifika mapajani, ya baridi, kisha yakashuka chini ya magoti. Kuta zinakugusa mabega yote mawili, pa kugeukia hapana. Tukiwa kama katikati, dari likainama. Mama akajigonga paji la uso, tochi ikamponyoka, ikazama. Yangu ilishafifia zamani. Giza la mle si la umeme kukatika. Unaweka kiganja puani na hukioni. Nikamsikia anahema haraka haraka, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi nafia humu." Nyuma watu wanasukumana, hawajui kuna nini. Nikapiga kelele, "Simameni!" Nikamkumbatia kwa nyuma, moyo wake ukidunda mikononi mwangu.

Ndipo kaka mmoja nyuma yetu, wala si wa msafara wetu, akapitisha mkono juu ya bega langu akiwa na tochi, akamulika mbele ya mama. Alisema maneno tusiyoyaelewa. Akaushikilia mkono hivyo hivyo, hakuushusha hata mara moja, mpaka tukaona mwanga wa nje.

Mama akakaa kwenye ngazi za pale Siloamu, mguu mmoja peku. Kugeuka nimshukuru yule kaka, hayupo.

Mzee wa Usharika: Lile handaki si mchezo. Pole kwa mama.

Nuru ya Asubuhi: Dada, huyo alikuwa malaika. Soma Waebrania 13:2.

Kijana wa Moshi: Malaika na tochi wapi na wapi? Alikuwa hujaji mwenzetu mwenye utu. Tusimnyime sifa yake.

Nuru ya Asubuhi: Kwa hiyo unamfundisha Mungu vifaa vya kutumia?

Mwalimu Mstaafu: Hapo kwenye "Simameni" nimesisimka. Handaki lile lilichongwa kutoka pande mbili, wachongaji wakakutana katikati. Maandishi yaliyoonekana ukutani mwaka 1880 yanasimulia jinsi walivyosikia sauti za wenzao wakiita ng'ambo ya mwamba. Jiwe lenyewe sasa liko Istanbul, lakini habari ya mfereji ipo 2 Wafalme 20:20.

Mama Pendo: Mimi palinishinda Sinai. Tuliondoka chini saa 7 usiku, ili jua litukute kileleni, mita 2,285. Nikapanda ngamia nikijua nimemaliza kazi. Kumbe ngamia anaishia njiani, zinabaki ngazi 750 za mawe, kila moja na urefu wake. Baridi ilinikata vidole. Nilizihesabu mpaka 300 nikakaa nikalia, nikakodi blanketi kwa Mbedui. Kilele sikukiona. Nililiona jua likipaka miamba rangi nyekundu nikiwa palepale nilipokaa, na nikasali.

Hujaji wa Mbeya: Mama Pendo, Amri Kumi zipo hata kwenye Biblia yako ya nyumbani. Mwenye magoti mabovu abaki monasteri ya Mtakatifu Katarina pale chini.

Kijana wa Moshi: Asibaki! Apande polepole na fimbo. Usiwatie watu uoga.

Mtu wa Bustani: Mimi nilipoguswa ni Kaburi la Bustani, kule Yerusalemu, ambapo wengine wanaamini Yesu alizikwa. Pametulia, unasali. Kule kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu ni foleni na kusukumana tu.

Mkatoliki wa Kawaida: Kusukumana hakufuti historia. Pale pameheshimiwa tangu karne ya 4, enzi za Konstantino. Hilo la Bustani lilipata umaarufu baada ya Gordon, yule jenerali Mwingereza, mwaka 1883, na wanaakiolojia wanaona lilichongwa karne nyingi kabla ya Yesu. Yohana 19:41 inasema kaburi jipya.

Mtu wa Bustani: Sikusema habari za miaka. Nimesema niliposali nikajibiwa.

Mzee wa Usharika: Wote wawili mlikuta tupu. Endeleeni na uzoefu.

Dada wa Kigoma: Mimi sikufika. Wakala alikula nauli yetu watu wanne, simu ikazimwa wiki ya safari. Mama yangu alishanunua kichupa cha kuletea maji ya Yordani. Kipo kabatini hadi leo. Jamani, msilipe yote kabla ya kuona tiketi yenye jina lako.

Hujaji wa Mbeya: Pole sana dada. Nyongeza: kina baba, msinyoe ndevu siku ya kuingia Bahari ya Chumvi. Mtanikumbuka.

Nuru ya Asubuhi: Binti wa Kwanza, mwakani nakwenda na shangazi. Handakini tuvae viatu gani?

Binti wa Kwanza: Raba za kufunga kamba, na tochi ya kuvaa kichwani, kila mtu yake. Kandambili ya mama ya kushoto bado imo mle.