Bima ya safari imekataa kumlipia mama, wanasema alikuwa mgonjwa kabla. Nianzie wapi?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, ni refu kidogo.

Mama yangu ana miaka 64 na presha anayo siku nyingi. Alisafiri kwenda kumwangalia mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Bima ya safari nilimkatia mimi mtandaoni, usiku, yeye amekaa pembeni yangu ananijibu maswali. Presha tuliitaja, wakatuongezea hela kwa ajili hiyo, tukalipa. Siku ya tisa akiwa kule akashikwa na homa, akawa anatetemeka na pumzi inakata. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia pafu la kulia. Akalazwa siku 6. Mdogo wangu aliipigia namba ya dharura ya bima siku hiyohiyo, akapewa namba ya faili, akaambiwa tulipe kwanza halafu tuombe kurejeshewa. Tukakopa, tukalipa.

Juzi barua imekuja. Inasema dai limekataliwa kwa sababu linatokana na hali ya kiafya iliyokuwepo kabla ya safari. Chini yake mistari miwili tu: rekodi za kliniki zinaonyesha kikohozi na mabadiliko ya dawa ndani ya siku 90 kabla ya kuondoka.

Ni kweli wiki 11 kabla ya safari mama alienda kliniki na kikohozi, akabadilishiwa dawa ya presha. Na kwenye fomu lilikuwepo swali kama kuna dawa iliyobadilishwa ndani ya siku 90. Nilijaza "hapana". Sikukusudia kudanganya. Presha haikuwa imepanda, kimetoka kidonge kimeingia kingine, nikaona hakuna lililobadilika. Sasa silali. Mama anasema tuachane nao, tulipe deni pole pole. Mimi roho inaniuma maana fomu ile niliijaza kwa mkono wangu.

Hapa kuna kesi, au ndiyo nimeshamharibia mama?

Mpita Njia

Pole sana ndugu yangu. Mama anaendeleaje kwanza? Lingine: usiwapigie simu tena. Mimi nilipiga mara saba, kila mara napokelewa na mtu mwingine anayeniambia lake, na mwisho wa siku sikuwa na hata mstari mmoja wa kuwaonyesha. Kila kitu kiwe kwa maandishi.

Mstaafu wa Madai

Nimefanya kazi kitengo cha madai kwenye bima miaka mingi, nimeshapumzika. Nitakueleza nilivyokuwa naziona barua kama hizi nikiwa upande wa pili wa meza.

Barua ya kwanza ya kukataa mara nyingi huandikwa na mtu ambaye hajaonana na mgonjwa wala hajaongea na daktari wake. Anafungua rekodi za kliniki, anatafuta chochote kilichoandikwa ndani ya zile siku 90, akikipata anasimama hapohapo. Kwenye faili la mama yako amekuta viwili: kikohozi na dawa. Kikohozi ukikiweka jirani na nimonia, mtu asiye daktari anaona jibu limeshapatikana.

Kwa hiyo kabla hujaandika malalamiko yoyote, waombe vitu vitatu kwa barua pepe. Kifungu chenyewe walichokitumia, neno kwa neno, na namba yake kwenye hati ya bima. Nakala ya faili zima la dai, pamoja na maoni ya daktari wao kama yapo. Na nakala ya fomu kama ulivyoijaza, maswali yakiwa na maneno yale uliyoyaona usiku ule. Hilo la mwisho watu hulisahau, na wakati mwingine ndilo linalobeba kesi yote, kwa sababu swali likiwa na utata, lawama haimwangukii aliyejibu peke yake.

Kifungu ukishakipata, kisome kwa kidole. Kuna bima zinazosema hazilipi ugonjwa "uliokuwepo kabla". Nyingine zinasema hazilipi chochote kinachotokana na ugonjwa huo "moja kwa moja au kwa njia nyingine yoyote". Hiyo ya pili ni pana na ngumu zaidi. Halafu tazama kipengele cha utulivu, yaani kile kinachotaka ugonjwa na dawa zake visiwe vimebadilika kwa siku kadhaa kabla ya safari: je, dawa ikibadilishwa, kinachoondolewa kwenye bima ni ugonjwa ule uliobadilishiwa dawa tu, au ni bima yote? Kwa kawaida ni ugonjwa ule. Dawa iliyobadilishwa ni ya presha, dai ni la nimonia. Wao ndio watuonyeshe kamba inayounganisha viwili hivyo.

Kuhusu lile "hapana" lako, nisikufiche, hapo pana shimo. Ila mashimo hayalingani. Aliyedanganya makusudi na aliyekosea kwa kutoelewa hawahukumiwi sawa kwenye sheria za nchi nyingi. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu wateja wa kawaida wa bima. Mteja akikosea kwa uzembe bila nia mbaya, kampuni haiwezi kufuta dai lote hivi hivi. Inaulizwa: mngejua ukweli mngefanya nini? Kama wangemkatia bima kwa bei ya juu zaidi, wanalipa dai kwa kiwango kinacholingana na alichokilipa. Kama wasingemkatia kabisa, hapo wanaweza kukataa. Kwa hiyo waulize kwa maandishi: kama ningejibu "ndiyo" na kueleza kwamba ni dawa moja imebadilishwa na nyingine, mngetoza kiasi gani?

Mwisho, wakikurudishia ile hela mliyolipia bima, usiikubali kimya kimya. Uliza kwanza ni ya nini. Kuna barua huja na fomu ya kusaini yenye mstari kwamba mteja hana dai lingine lolote.

Nesi wa Zamu

Mwanangu, pole. Nina swali moja tu. Hiyo dawa aliyoachishwa inaitwaje, na aliyopewa badala yake inaitwaje? Kama ana kadi ya kliniki nyumbani, ichukue uniandikie kilichoandikwa hapo vilevile kilivyo.

Mleta mada

Shikamoo mama. Nimeichukua kadi, mwandiko wenyewe nimeusoma kwa tochi ya simu. Wiki 11 kabla ya safari imeandikwa hivi: "Kikohozi kikavu wiki 3, hana homa, mapafu safi. Enalapril iachwe. Aanze losartan 50 mg. Arudi baada ya wiki 4."

Mstari wa chini yake, wiki 4 baadaye, ni mwandiko wa mtu mwingine: "128/78. Kikohozi kimeisha. Aendelee." Huo sikuwahi kuusoma.

Nesi wa Zamu

Marahaba. Sasa tulia unisikilize.

Enalapril ni dawa nzuri ya presha lakini ina tabia inayojulikana na kila anayefanya kazi kliniki: baadhi ya watu inawapa kikohozi kikavu kisichoisha. Hakina homa, hakina makohozi. Unampima mapafu unakuta safi. Dawa yake si antibayotiki, dawa yake ni kumtoa kwenye kidonge hicho na kumweka kwenye losartan au ndugu zake, ambazo mara chache sana huleta kikohozi hicho. Akishaiacha, kikohozi huisha chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi nne.

Ndicho hasa kilichotokea kwa mama yako. Aliyemwona wa kwanza alikitambua kikohozi, akabadilisha kidonge. Wa pili akathibitisha kimeisha. Halafu zikapita wiki 7 nzima mama akiwa mzima kabla hajapanda ndege. Nimonia ni maambukizi ya mapafu, huanza na kupanda ndani ya siku chache. Haiwezi kukaa wiki 11 ikijificha, ipotee, irudi siku ya tisa ya safari.

Kwa hiyo yale mambo mawili waliyoyaandika ni jambo moja. Kikohozi kililetwa na dawa, na dawa ilibadilishwa kwa sababu ya kikohozi. Presha yenyewe ilikuwa imetulia kabla na baada.

Nenda kliniki, mwombe daktari aliyembadilishia dawa aandike barua. Usimwombe aandike kwamba mama ni mzima wa afya, barua ya namna hiyo haisaidii. Mwombe ajibu manne: kikohozi kilitokana na nini, dawa ilibadilishwa kwa nini, kiliisha lini, na je, kina uhusiano wowote na nimonia iliyokuja baadaye. Aambatanishe nakala ya kadi, miandiko yote miwili ionekane. Na mwanangu, mtu asikushauri kuongeza neno wala kufuta neno kwenye kadi hiyo. Ilivyo inatosha.

Mpita Njia

Aisee. Nimesoma hilo jibu la mama mara mbili.

Mwana wa Kwanza

Nisimkatishe tamaa mleta mada, ila wengine wasome na hili. Baba yangu alisafiri na bima iliyokatwa Canada. Kule bima nyingi za safari zina kipengele cha utulivu, mara nyingi siku 90 au 180. Daktari wake alimpunguzia dozi ya dawa ya moyo kwa sababu alikuwa anaendelea vizuri. Kumpunguzia, si kumwongezea. Alipougua moyo safarini walikataa, na kifungu kilikuwa kimeandika wazi kwamba kuongeza, kupunguza au kuacha dawa vyote ni mabadiliko. Tulipambana miezi mingi, hatukupata kitu. Tofauti na ya kwako, yeye alichobadilishiwa dawa ni moyo na kilichomlaza ni moyo.

Nasema kwa anayepanga kusafiri na mzazi: dawa ikiguswa hata kidogo baada ya kukata bima, waandikie bima siku hiyohiyo, usingoje wakuulize. Kama mnanunua bima ya Marekani, nyingi huangalia nyuma siku 60 hadi 180, na baadhi yake huondoa kabisa sharti la ugonjwa wa awali ukinunua mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipe senti ya kwanza ya safari. Hilo tulilijua tumeshachelewa.

Mdau Mpya

Kwani usitafute wakili uwashtaki tu? Hawa wanaogopa mahakama.

Mstaafu wa Madai

Wakili baadaye, ndugu yangu. Kwanza malalamiko rasmi ndani ya kampuni, yenye kichwa cha habari "Malalamiko", si "ombi" wala "swali". Neno hilo huwa linaanzisha saa. Kwa bima ya Uingereza kampuni ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho, na baada ya jibu hilo mteja ana miezi 6 kwenda Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, bure. Australia wana chombo chao, AFCA, nacho hakimtozi mlalamikaji. Nchi nyingine mamlaka inayosimamia bima ina dawati la malalamiko. Angalia hati ya bima yenu ni ya nchi gani, kwa kawaida imeandikwa kurasa za mwisho.

Na wewe mleta mada, kwenye barua yako usilie wala usitukane. Kurasa mbili zinatosha. Kosa la fomu likiri mwenyewe kwenye aya ya kwanza kabisa, ueleze ulivyolielewa lile swali. Mkaguzi akikuta umeficha, hatakuamini hata kwenye yale ya kweli.

Mleta mada

Nimewasikia wote. Daktari nitamwona keshokutwa. Nimemsomea mama jibu la nesi kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe kile kidonge ndicho kilikuwa kinanikohoza." Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mleta mada (baada ya wiki 7)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi kwenye ujumbe binafsi kwa baadhi yenu.

Daktari aliandika barua nusu ukurasa, akajibu yale manne moja baada ya jingine. Bima walipoleta faili nikakuta hakuna maoni ya daktari yeyote humo, ni fomu ya mkaguzi na karatasi ya kadi iliyopigwa picha vibaya, mstari wa pili umekatika. Yaani ile "Kikohozi kimeisha" hawakuwa nayo kabisa.

Malalamiko niliyapeleka na kichwa cha habari alichosema mzee. Kosa langu nililitaja juu kabisa. Jibu limekuja jana: wamekubali kwamba nimonia haihusiani na kikohozi wala presha. Kwenye fomu wamesema ningejibu sawasawa wangetoza zaidi, kwa hiyo wanalipa dai kwa asilimia 82. Nimewaomba wanionyeshe hesabu hiyo wameitoaje kabla sijasaini. Mzee, ukipata nafasi naomba uniambie niangalie nini kwenye hesabu yenyewe.

Mstaafu wa Madai

Ilete hapa, ila ufute jina la mama na namba zote. Tutazame bei waliyodai wangetoza inatoka kwenye jedwali lao la siku ile mliyokata bima au la leo.